Shombo apate mwili: shajara ya kumlisha paka aliyekonda

Februari, wiki ya kwanza

Mhusika: paka jike, kijivu mwenye mabaka meupe, jina lake Shombo, makazi Ngamiani, Tanga. Uzito wa kuanzia ni kilo 2.3. Lengo ni kumfikisha karibu na kilo 3.5 kabla masika hayajakatika, bila kumharisha, bila kuliumiza ini lake, na bila kunifilisi mimi.

Nimemrithi. Bibi wa nyumba ya pili amehamia Pangani kwa mwanawe, akaniachia ufunguo wa ua, mkomamanga wa kumwagilia na paka. Alichokuwa akila nakijua, maana nimekiona kibarazani miaka yote: ugali uliorowekwa kwenye mchuzi wa samaki, vichwa vya dagaa, na kisahani cha maziwa asubuhi. Paka wengi wa mtaa huu hula hivyo hivyo. Wengine ni wanene kwa sababu usiku wanakamata panya. Huyu hatoki nje ya ukuta.

Kupima: mzani wa bafuni haufai, kwa sababu tofauti ya gramu 100 hauioni, na kwa paka wa kilo mbili gramu 100 ni habari kubwa. Ninamtia kwenye kikapu cha ukindu juu ya mzani wa jikoni, kisha natoa uzito wa kikapu. Kikapu anakipenda, kwa hiyo anatulia.

Mzani peke yake hautoshi. Madaktari wa mifugo hutumia alama ya hali ya mwili, kuanzia 1 hadi 9. Alama 5 ndiyo afya: mbavu zinapapasika kwa urahisi zikiwa na utando mwembamba wa mafuta, na kiuno kinaonekana ukimtazama kwa juu. Chini ya 5, kila alama ni upungufu wa asilimia 10 hadi 15 hivi ya uzito anaotakiwa kuwa nao. Shombo nampa 2. Mbavu nazihesabu kwa macho, pingili za mgongo zinachoma kiganja, na mifupa ya nyonga imechomoza.

Chakula kipya bado. Kwanza kwa daktari.

Februari, baada ya daktari

Watu wengi huanza na swali la chakula gani kinanenepesha. Daktari alianza na maswali mengine: anakula kiasi gani, anakunywa maji mengi kuliko zamani, anatapika, choo kikoje. Paka anayekula sana na bado anakonda ana hadithi tofauti na paka anayesogelea sahani, ananusa, kisha anaondoka. Wa kwanza unamshuku minyoo, kisukari, au, kama ni mzee, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Wa pili unamshuku meno, figo, homa, au maumivu popote.

Shombo ni wa katikati. Anakimbilia sahani, anatafuna kidogo upande mmoja wa mdomo, anatikisa kichwa, anaacha.

Yaliyopatikana: viroboto, tegu, ambaye vipande vyake vinaonekana chini ya mkia kama punje za mchele, ukoga mzito kwenye magego na fizi nyekundu upande wa kushoto. Hana mimba. Kwa meno yake daktari anamkisia miaka mitano hadi saba. Damu haikuonyesha tatizo la figo wala sukari.

Viroboto na tegu ni kesi moja. Paka anapojilamba humeza kiroboto, na kiroboto ndiye anayebeba kiluwiluwi cha tegu. Ukimpa dawa ya minyoo ukaacha viroboto, baada ya wiki chache umerudi ulipoanzia. Dawa ya tegu ni prazikwanteli, ile ile wanayopewa watoto wa shule kwa kichocho, ila dozi ya paka hupangwa na daktari kwa uzito wake. Minyoo ya duara ina dawa yake, na hiyo inarudiwa baada ya wiki mbili au tatu.

Kwa viroboto, naandika kwa herufi nzito kwenye daftari: DAWA YA MBWA ISIMGUSE. Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, sumu ya kuua wadudu, na ini la paka haliwezi kuivunja. Paka hutetemeka, hushikwa na degedege na anaweza kufa. Parasetamo nayo vivyo hivyo. Kijana wa duka la dawa za binadamu aliponisikia nikitaja fizi alikwisha nyoosha mkono kwenye rafu. "Mvunjie nusu, kaka, maumivu yataisha." Nusu hiyo ingeweza kumaliza na paka.

Jino lisubiri. Daktari hataki kumlaza kwa dawa ya usingizi mnyama mwenye alama 2. Anataka apate mwili kwanza, halafu ukoga usafishwe na gego bovu ling'olewe siku moja na kufungwa uzazi. Kwa hiyo sharti la kwanza la chakula limepatikana: kiwe laini.

Februari, hesabu

Mahitaji ya paka aliyepumzika hukadiriwa hivi: uzidishe uzito wake kwa kilo mara 30, ujumlishe 70. Kwa Shombo wa leo: 2.3 mara 30 ni 69, jumlisha 70, kalori 139 kwa siku. Kwa Shombo tunayemtaka, wa kilo 3.5: kalori 175. Ili aongezeke inabidi apite hapo, kwa hiyo lengo la baadaye ni kalori 220 hadi 240 kwa siku.

Lakini si kesho. Mwili uliozoea uhaba ukimwagiwa chakula ghafla, hasa cha wanga, insulini hupanda, na madini ya fosfeti na potasiamu hukimbilia ndani ya seli, damu ikabaki bila. Paka hulegea, moyo huenda mrama, na hali hiyo huweza kuua mnyama ambaye njaa yenyewe haikumuua. Shombo hakukaa bila chakula kabisa, hivyo hatari kwake ni ndogo kuliko kwa paka aliyefungiwa stoo, lakini utaratibu ni ule ule: tunaanza na kama nusu ya kalori 139, tunapandisha kidogo kidogo mpaka wiki iishe. Milo midogo mitano au sita kwa siku.

Hiyo milo midogo si adabu ya hospitali tu. Paka wa nyumbani ametokana na kimburu, paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu anayewinda panya na ndege wadogo. Panya mmoja ana kalori kama 30. Fanya hesabu uone kimburu anakula mara ngapi kwa siku. Tumbo la paka limeumbwa kwa vijipande vingi, si kwa sahani moja iliyojaa jioni.

Februari, wiki ya pili: kwa nini si ugali

Bibi amepiga simu. Salamu za Pangani, hali ya mkomamanga, kisha: "Mwanangu, umempa nini leo?"

"Shikamoo bibi. Kuku na yai."

"Kuku! Na samaki je? Paka bila samaki ni paka gani?"

Nimejaribu kumweleza na sikufaulu, kwa hiyo nayaandika hapa kwa urefu.

Paka ni mla nyama wa lazima. Mbwa anaweza kuishi na mabaki ya mezani kwa sababu mwili wake unajitengenezea vitu vingi. Paka amepoteza viwanda hivyo. Taurini ni mfano mkubwa: ni kirutubisho kilichopo kwenye nyama na samaki, kwenye mahindi hakipo, na paka anatengeneza kidogo mno kuliko anachopoteza. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha kwamba paka wengi waliokuwa wakifa kwa moyo uliotanuka walikuwa na upungufu wa taurini, na kwamba wakipewa, mioyo mingi inarudi. Paka hao walikuwa wakila vyakula vya dukani vya wakati ule. Viwanda vikaongeza taurini na ugonjwa huo ukapungua sana. Kabla ya hapo ilikwisha julikana kuwa upungufu huo huo unaharibu retina, paka akapofuka taratibu.

Vitamini A nayo: sisi tunaipata kwenye karoti na mchicha, mwili unabadilisha. Paka hawezi kubadilisha. Anaihitaji ikiwa tayari, kwenye ini na mafuta ya wanyama. Hapo hapo unaingia mtego wa upande wa pili, kwa sababu maini yakiwa ndiyo chakula cha kila siku, vitamini A humjaa mpaka pingili za shingo na mgongo zinashikana na hawezi kugeuza kichwa kujilamba.

Ugali una nguvu, sikatai. Ila ni nguvu ya wanga, protini kidogo, taurini hamna. Tumbo la Shombo lilikuwa linajaa kabla mwili haujapata ulichokitaka. Hata utamu hauonji: jeni ya kipokezi cha sukari ulimini mwa paka imeharibika, jambo lililochapishwa mwaka 2005. Akikwibia biskuti anatafuta siagi.

Na maziwa, katika mji huu wa maziwa, ndiyo yamekuwa magumu zaidi kumweleza bibi. Paka wengi wakishakua hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, matokeo yake ni tumbo kuunguruma na choo cha maji. Paka aliyekonda hana cha kupoteza kwa njia hiyo. Kisahani nimekiosha na sasa kina maji, mbali kidogo na chakula.

Februari, wiki ya pili: kesi ya samaki

Samaki si adui. Tatizo ni samaki peke yake, kila siku.

Nimekwenda Deep Sea, soko letu la samaki, asubuhi kuuliza mabaki. Mama mmoja muuza vibua akanipa mfuko wa matumbo na mashavu bure, "chukua mwanangu, wangekula kunguru." Nimeshukuru, lakini sijampa Shombo. Samaki wabichi wa aina kadhaa wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na paka anaihitaji nyingi. Ikipungua, kichwa huinamia kifuani, anayumba, kisha degedege. Moto unakiua kimeng'enya hicho, kwa hiyo samaki wa paka apikwe. Mafuta ya samaki nayo, hasa ya jodari na jamii yake, yakiwa mengi bila vitamini E ya kutosha huyafanya mafuta ya mwilini mwa paka yavimbe na kuuma, mpaka hataki kushikwa mgongoni.

Juu ya hayo, masika yakiingia bahari inachafuka, ngalawa hazitoki, bei inaruka. Sipangi lishe ya miezi mitatu juu ya kitu kinachotegemea upepo.

Samaki atakuwa kiungo. Dagaa hasa. Na hapa kuna uchaguzi wa kweli: dagaa wetu wa pwani huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, wakati wale wa Ziwa Victoria kwa kawaida huanikwa tu, bila chumvi. Nimechukua wa Mwanza. Wana mchanga, kwa hiyo nimewaosha mara kadhaa, nikawakausha kwenye kikaango bila mafuta, nikawatwanga kwenye kinu kidogo mpaka unga. Wamejaa kichupa kimoja cha asali. Harufu imeshinda jirani watatu, naona wanachungulia dirishani.

Februari, wiki ya tatu: kuchagua mfuko

Nilitaka kupika kila kitu mwenyewe. Nimeachana na wazo hilo baada ya kukaa na kalamu. Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha na ina fosforasi nyingi. Ukimlisha hiyo tu, mwili unaichota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Unaweza kusahihisha kwa unga wa maganda ya mayai, lakini bado kuna madini joto, zinki, shaba, vitamini E, taurini, na kila kimoja kina kiwango chake. Kupika chakula kamili cha paka kunahitaji fomula ya mtaalamu wa lishe ya wanyama na mzani wa gramu ndogondogo. Kwa hiyo msingi utakuwa chakula cha dukani, na jiko langu litafanya kazi ya kumshawishi ale.

Dukani nimekuta aina tatu, nazo nimezigeuza zote nyuma kusoma.

Mfuko wa kwanza, wa bei nafuu: mahindi ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya vilivyomo, protini asilimia 26, unyevu 10. Wa pili, wa paka wadogo wanaokua: kuku wa kwanza, protini 34, unyevu 10. Wa tatu si mfuko, ni kopo: protini 8, unyevu 82.

Ukitazama harakaharaka kopo linaonekana limeshindwa vibaya. Toa maji kwanza. Kopo lina kitu kikavu asilimia 18 tu, na 8 katika 18 ni asilimia 44. Mfuko wa pili: 34 katika 90, karibu 38. Wa kwanza: 26 katika 90, karibu 29. Kiwango cha chini kinachotumika Marekani ni asilimia 26 kwa paka mzima na 30 kwa anayekua au anayenyonyesha, vyote kwa kitu kikavu. Kwa hiyo mfuko wa bei nafuu unaruhusiwa kwa paka mzima mwenye afya. Shombo si huyo.

Kopo lingekuwa zuri kwa fizi zake, lakini gramu 100 zake zina kalori kama 80 hadi 100. Ili apate 230 inabidi ale karibu robo kilo au zaidi kwa siku, tumbo lake halina nafasi hiyo wala mfuko wangu hauna. Tena kopo lile lilikuwa limeandikwa kuwa ni chakula cha nyongeza, si kamili. Maneno hayo huchapwa kwa herufi ndogo kando ya picha kubwa ya samaki. Ndiyo maneno ya kwanza ya kutafuta kwenye kopo au mfuko wowote: je, hiki ni chakula kamili, na kwa paka wa umri gani? Vikopo vingi vya minofu ya jodari kwenye jeli ni kitoweo tu.

Nimechukua wa pili, wa paka wadogo. Gramu 100 zina kalori karibu 400, protini na mafuta vimeongezwa, maana paka mdogo anajenga mwili, na Shombo naye anajenga upya. Angekuwa na figo mbovu, daktari angekataa. Punje zake kavu nitaziroweka.

Jambo moja la dukani: muuzaji alikuwa na gunia kubwa lililofunguliwa, anapima kwa kilo kwenye mifuko ya karatasi, kwa bei nzuri. Sikuchukua. Mafuta ya punje yakikaa wazi kwenye joto letu yanachacha, na tarehe ya mwisho imebaki kwenye gunia. Nimenunua mfuko mdogo uliofungwa. Ni ghali mara kadhaa kuliko mchele kwa kilo, lakini gramu 50 kwa siku si nyingi.

Februari, mwisho

Uzito kilo 2.35. Tegu wametoka. Viroboto wachache.

Punje zilizorowekwa: kanusa, kafukia. Alikwaruza sakafu ya saruji kuzunguka sahani yote kama anayezika kitu kibaya, akaenda kulala. Paka aliyekula kitu kimoja tangu utotoni huona kitu kingine si chakula, hata kama kina kila kitu.

Kuna watu watakuambia mwache, njaa itamfundisha. Kwa mbwa labda. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwilini humiminika kwenye ini kuliko linavyoweza kuyachakata, linavimba, macho na fizi zinageuka njano. Paka wanene ndio hatarini zaidi, lakini hata aliyekonda sitamfanyia jaribio hilo. Kila siku lazima kalori ziingie, kwa njia yoyote anayoikubali, huku punje zikisogea polepole.

Njia anayoikubali: paja la kuku lililochemshwa, pamoja na ngozi, bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa sababu vyote viwili huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Gramu 100 za paja lenye ngozi zina kalori kati ya 230 na 250. Kidari ni kikavu na kina taurini kidogo kuliko nyama nyeusi ya paja. Taurini huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia, hivyo supu haimwagwi, ndiyo ninayorowekea punje. Mifupa iliyopikwa naitoa yote, hupasuka vipande vyenye ncha.

Machi, wiki ya kwanza

Kilo 2.45.

Mbinu iliyofanya kazi: kijiko kimoja cha punje zilizosagika kabisa ndani ya supu, vijiko vitatu vya kuku, juu yake nyunyizo la unga wa dagaa. Vuguvugu. Joto ndilo lililobadilisha mambo kuliko dagaa. Chakula kilichotoka friji hakina harufu kwa paka, na paka huamua kwa pua. Nikikiweka kwenye bakuli la maji ya moto mpaka kiwe na joto la mwili, anakuja kabla sijaita.

Kila siku mbili naongeza punje na kupunguza kuku. Akiharisha narudi nyuma hatua moja. Aliharisha kidogo mara nilipoongeza yai, nikapunguza nusu yai, ikaisha. Mayai nayapika, maana ute mbichi hufunga biotini, moja ya vitamini B, mwili usiipate.

Machi, katikati

Kilo 2.6. Gramu 35 za punje, kuku, moyo mmoja wa kuku. Mioyo ni ugunduzi wa muuza kuku wa barabarani, ambaye anaiuza pamoja na firigisi kwa bei ya kutupa. Moyo ni msuli unaofanya kazi bila kupumzika, na una taurini nyingi. Ni laini pia ukiukata vidogo. Firigisi ni ngumu kwa fizi zake, nimezila mimi.

Anaanza kujilamba mgongoni. Manyoya yalikuwa makavu na yamesimama, sasa yamelala.

Machi, mwisho

Kilo 2.75. Sasa punje ni gramu 50, karibu kalori 200, na kitoweo cha kalori 25 hadi 30. Daktari alisema kisichokuwa chakula kamili kisizidi kama sehemu moja ya kumi ya kalori za siku ukitaka uwiano usiharibike. Nimezidi kidogo. Bila hicho kidogo anafukia sahani.

Bibi kauliza kama nimempa samaki. Nimemwambia ndiyo, dagaa, kila siku. Amefurahi sana. Sikutaja kuwa ni ncha ya kijiko.

Aprili

Mvua. Samaki wameadimika kama ilivyotarajiwa, na kichupa cha unga bado kina robo tatu.

Wiki moja uzito uligoma, kilo 2.9 kwa 2.9. Kabla ya kuongeza chakula nilitazama choo: tegu tena. Viroboto walikuwa wamejificha kwenye mkeka wa kibarazani, maana kiroboto mzima unayemwona ni sehemu ndogo tu ya waliopo. Mayai na viluwiluwi viko kwenye mkeka, nyufa na vumbi. Mkeka umechomwa, sakafu imesuguliwa, vitambaa vyake vimefuliwa kwa maji ya moto, dozi imerudiwa kwa daktari. Ukikwama kwenye mzani, chakula kiwe cha mwisho kulaumiwa kama bado hujachungulia chini ya mkia.

Mbavu sasa nazipapasa, sizioni. Alama 4.

Mei

Kilo 3.15, halafu 3.3. Amepanda ukuta kwa mara ya kwanza nikimwona, akakaa juu akimtazama kunguru kwa nia mbaya.

Amelazwa na kutolewa gego la kushoto, mengine yamesafishwa, na kizazi kimefungwa siku hiyo hiyo. Siku mbili za chakula laini kabisa, kuku uliosagwa na supu, kisha punje zikarudi. Anatafuna pande zote mbili.

Kufungwa uzazi kunageuza hesabu. Mahitaji ya nguvu hushuka, kwa paka wengi kama robo, na hamu ya kula hupanda. Chakula cha paka wadogo kilichomwokoa Februari kitamfanya pipa ifikapo Agosti. Ninahamia mfuko wa paka wazima waliofungwa uzazi, kwa utaratibu ule ule: robo mpya na robo tatu za zamani, siku kadhaa kila hatua.

Juni, wiki ya kwanza

Kilo 3.4. Alama 5, daktari amekubali. Alisema tusing'ang'anie gramu 100 zilizobaki. Umbo lake ni dogo na kilo 3.5 yalikuwa makisio.

Kipimo cha sasa: gramu 45 za punje za paka wazima, zilizorowekwa nusu tu, nyingine kavu, moyo wa kuku mmoja kila siku mbili, dagaa ncha ya kijiko. Kupima mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki, na akipita kilo 3.7 punje zishuke hadi gramu 40. Dawa ya viroboto iendelee kila mwezi, masika au kiangazi.

Bibi anakuja Idi kumtazama. Ameniambia atamletea jodari.